Kuvuna joto la maji ya kuogea kwenye hosteli, hoteli na hospitali za Nyanda za Juu Kusini

Pita nyuma ya hosteli yoyote kubwa ya Iyunga, Uyole au Njombe mjini asubuhi ya mwezi wa saba, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, uangalie mfuniko wa chemba. Utaona mvuke unatoka kwenye matundu. Ule mvuke ni luku. Mwenye jengo amelipia umeme, gesi au kuni kupasha maji yaliyotoka bombani yakiwa na baridi ya kukata vidole. Mwanafunzi amesimama chini ya shawa dakika tano, na maji yale yale, yakiwa na sehemu kubwa ya joto lake, yamekimbilia kwenye karo.

Mwongozo huu ni wa meneja wa jengo, bwana au bibi bweni, na fundi bomba anayetaka kuyanyang'anya maji hayo joto kabla hayajafika huko. Unafaa Mbeya, Iringa, Mafinga, Njombe, Makete na Rungwe ya juu. Ukishuka Kyela, achana nao. Kule maji ya bombani yenyewe ni ya vuguvugu na hakuna cha kuokoa.

Nishati iko wapi hasa

Kwenye maji taka ya jengo kuna nishati za aina tatu: joto, gesi ya kinyesi, na nguvu ya maji yanayoporomoka kutoka ghorofani. Hii ya tatu nitaimaliza hapa hapa, kwa sababu kuna watu wanapenda kuuza vijimashine vya kufua umeme (tabini) vya kufunga ndani ya bomba la kushushia maji. Lita 1,000 zikianguka mita 20, yaani kama ghorofa sita, zinabeba watt-saa 54 tu, hata kabla hujatoa hasara za mashine. Yuniti moja ya umeme ni watt-saa 1,000. Lita hizo hizo 1,000 ukizipunguza joto kwa nyuzi 9 tu umepata yuniti 10 na nusu, karibu mara mia mbili. Mtu akikuletea mchoro wa tabini ya bomba, mpe chai, muagane.

Gesi nitaigusa mbele kidogo. Mwongozo wenyewe ni wa joto.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua hata elbo moja

Unahitaji kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka (vile vya namba), ndoo ya lita 10 yenye alama, na saa ya simu. Amka mapema, kwa sababu vipimo vya saa sita mchana vitakudanganya. Simtanki jeusi juu ya paa hupata jua mchana kutwa, na kukiwa na umande wa Juni hupoa usiku kucha. Pima wakati watu wanaoga kweli.

Andika mambo manne. Joto la maji baridi yanapotoka bombani bafuni. Joto la maji yaliyochanganywa yanapotoka kwenye shawa. Joto la maji hayo yakiwa kwenye chemba ya kwanza nje ya bafu, maana sakafu ya zege na hewa ya baridi vimeshachukua chao. Na mwisho, kasi: kinga ndoo chini ya shawa, ikijaa kwa dakika mbili basi shawa inatoa lita 5 kwa dakika.

Kisha hesabu ni shawa ngapi zinafunguliwa kwa pamoja kwenye ile nusu saa ya msukumano. Usimuulize meneja. Muulize matroni, au simama koridoni uhesabu mwenyewe.

Rudia siku tatu, moja iwe ya wikiendi.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Fomula ni moja tu: lita × nyuzi joto × 1.16 ÷ 1,000 = yuniti za umeme.

Tuseme hosteli ina wanafunzi 120 na kila mmoja anatumia lita 25 za maji ya moto na baridi yaliyochanganywa. Hiyo ni lita 3,000 kwa siku. Maji baridi yana nyuzi 15, ya shawa 38. Kuyapandisha nyuzi 23 kunakula yuniti 80 kwa siku. Kwenye chemba umepima nyuzi 34. Maana yake, kati ya zile nyuzi 23 ulizolipia, 19 bado ziko ndani ya maji yanapoondoka.

Huwezi kuzichukua zote 19. Kifaa kilichotengenezwa vizuri huchukua asilimia 40 hadi 50 hivi, na hupoteza kidogo kila wanapoanza kuoga kwa sababu kinaanza kikiwa baridi. Weka wastani wa nyuzi 8. Lita 3,000 × 8 × 1.16 ÷ 1,000 ni yuniti 28 kwa siku. Kwa mwenye luku ya kawaida, yuniti 28 ndizo anazopata akinunua ya shilingi 10,000. Ukipasha kwa gesi au kwa kuni, badili kwa bei yako mwenyewe.

Sasa zidisha kwa siku ambazo jengo lina watu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Likizo ndefu ya vyuo mara nyingi huangukia kati ya Agosti na Oktoba, na shule za bweni hufunga Juni. Yaani sehemu ya miezi yetu ya baridi kali jengo ni tupu. Hosteli ya chuo usiihesabie siku 365, ihesabie zile za masomo. Hoteli, hospitali na nyumba za mapadri au masista hazina tatizo hilo, na ndiyo maana mimi ningeanzia huko.

Hatua ya 3: Jiulize kama jengo lako linafaa

Njia hii hufanya kazi pale maji ya moto yanapotoka wakati ule ule maji baridi yanapoingia. Shawa ni hivyo. Kuoga kwa ndoo sivyo: mtu anachota lita 10 jikoni, anaoga dakika kumi baadaye, na maji yanafika kwenye chemba kidogo kidogo yakiwa yamepoa. Kama bweni lako linaogea ndoo, weka pesa kwenye hita ya jua na jiko bora la kupashia. Na usichelewe, kwa sababu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa mwisho wa 31 Januari 2024 kuacha kuni na mkaa, na kwenye shule nyingi moto wa kupikia ndio huo huo unaopasha maji ya kuoga.

Shawa za umeme za papo kwa papo, zile zenye hita kwenye kichwa chake, zina ujanja wake. Yenye kilowati 5.5 ikipokea maji ya nyuzi 15 hutoa lita tatu na nusu kwa dakika zenye nyuzi 38. Ukiipelekea maji yaliyokwisha pashwa hadi nyuzi 24, hutoa lita tano na nusu kwa joto lile lile, kwa umeme ule ule. Wanafunzi watafurahi sana, ila luku haitashuka hata kidogo, pengine na maji yatatumika zaidi. Akiba inakuja tu kama mtu anageuza swichi kutoka ya juu kwenda ya kati. Kwa hiyo kama lengo ni kupunguza bili, mfumo huu uweke kwenye jengo lenye boila moja au hita za tenki zenye themostati, yaani kidude kinachozima hita maji yakifika joto ulilopanga. Kama lengo ni kuondoa malalamiko ya maji baridi, shawa za papo kwa papo zinafaa vilevile.

Kabla ya yote, funga maji yanayovuja, badili vichwa vya shawa vinavyomwaga lita 12 kwa dakika, na valisha sponji mabomba ya maji moto yanayopita nje ya ukuta. Kazi hiyo ni ya siku moja na mara nyingi inaokoa zaidi ya kifaa chochote kwa kila shilingi unayotoa.

Ukiwa na hospitali yenye mashine za kufulia, anzia kwenye dobi. Maji ya kufulia mashuka hutoka na nyuzi 50 au 60, mengi kwa mkupuo, siku zote za wiki.

Hatua ya 4: Tenga maji ya bafuni na ya chooni

Kwenye majengo yetu mengi bafu na choo hukutana kwenye bomba moja la inchi nne, na huko mbele hakuna atakayetaka kuingiza mkono. Zunguka jengo na mchoro wa mabomba kama upo, na kama haupo (na kwa kawaida haupo), mimina maji yenye rangi bafuni, mwenzako asimame kwenye chemba atazame yanatokea wapi. Tafuta sehemu ambayo maji ya bafuni bado yako peke yake. Isipopatikana, itabidi uvute bomba jipya kutoka kwenye trapu za sakafu. Jengo ambalo bado liko kwenye ramani ndilo rahisi kuliko yote. Mwambie msanifu achore mabomba mawili, gharama yake wakati huo ni ndogo sana.

Maji ya jikoni yaache. Mafuta ya kupikia yataganda kwenye shaba na ndani ya mwezi kifaa kitakuwa kimevaa koti.

Na haya ya chooni yaliyobaki peke yake? Hayo ndiyo ya gesi. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku kwenye mtambo unaofanya kazi vizuri. Kwa watu 120 ni mita za ujazo 2.4 hadi 3.6, sawa na kilo moja hadi moja na nusu ya gesi ya mtungi kwa siku. Si haba kwa jiko la chai. Magereza ya Rwanda yamepikia gesi ya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kwetu kuna vikwazo viwili. Bakteria wanaotengeneza methani hupenda joto la nyuzi 30 na zaidi. Chini ya 20 wanazorota, kwa hiyo mtambo wa Makete unahitaji tanki kubwa kuliko wa Morogoro kwa watu wale wale, maana kinyesi kinapaswa kukaa humo muda mrefu zaidi. Pili, vyoo vya kuvuta vinavyomwaga lita 9 kila mara hujaza tanki kwa maji matupu. Ukitaka njia hiyo, watafute CAMARTEC wa Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ambao wana uzoefu wa miaka mingi na mitambo ya gesi ya samadi, na uanze kwa kubadili vyoo. Jambo moja zuri: kwa kuwa umeshatenga maji ya bafuni, sabuni na jiki hazitaingia kuwaua bakteria wako.

Hatua ya 5: Chagua kifaa

Kuna vya aina tatu.

Cha kwanza ni bomba la wima. Ni kipande cha bomba la shaba la inchi tatu au nne, urefu wa mita moja hadi mbili, kilichozungushiwa bomba dogo la shaba kwa nje. Maji machafu yakishuka wima hayajazi bomba, huambaa ukutani kama utando mwembamba, na utando huo hutoa joto lake haraka sana kwa maji safi yanayopanda kwenye lile bomba dogo. Hakina pampu, hakina umeme, hakizibi, na maji safi yametenganishwa na machafu kwa kuta mbili za shaba. Ukikilaza hakifanyi kazi, kwa sababu maji yatapita chini tu. Kinahitaji jengo la ghorofa au chumba cha chini. Mara nyingi kitabidi kiagizwe nje, maana bomba la shaba la inchi nne hulioni madukani kirahisi. Kama unajenga hoteli ya ghorofa nne, ndicho ningekushauri, na usiumize kichwa na vingine.

Cha pili ni pipa lenye koili ndani. Hiki fundi wa hapa anaweza kukitengeneza, na kinafaa majengo ya chini yaliyotandaa, yaani hosteli zetu nyingi. Hatua zinazofuata ni za hiki.

Cha tatu ni hita pampu, ambayo ni friji iliyogeuzwa: inafyonza joto kutoka kwenye maji machafu na kulisukuma kwenye maji safi mpaka yafike nyuzi 55 au 60, ikitumia yuniti moja ya umeme kutoa tatu au nne za joto. Jijini Vancouver, Kanada, mtambo wa aina hiyo umekuwa ukichukua joto kwenye maji taka ya mtaa wa False Creek tangu 2010 na kupasha majumba ya jirani. Kwa hospitali kubwa ya rufaa inaweza kuingia akilini. Kwa hosteli, jiulize kwanza nani ataitengeneza ikigoma Jumamosi usiku.

Hatua ya 6: Tengeneza pipa

Mfano huu ni wa lita 20 kwa dakika, yaani shawa nne zinazofunguliwa pamoja.

Nunua pipa la plastiki la bluu la lita 200 lenye mfuniko wa kufungua wote, na roli tano za bomba la shaba la nusu inchi, zile za mita 15 wanazotumia mafundi friji. Mwanjelwa jijini Mbeya na kwenye maduka ya vifaa vya friji mjini Iringa utazipata. Kwa nini tano? Kwa sababu joto linapita kwenye ngozi ya bomba, na kwa maji yanayotembea polepole unahitaji karibu mita tatu za mraba za ngozi hiyo. Mita moja ya bomba la nusu inchi ina sehemu ya 0.04 tu. Mita 75 ndizo zinazokufikisha. Anayekuuzia kifaa cha koili moja ya mita 15 kwa hosteli nzima anakuuzia pambo.

Kunja kila roli iwe koili ya duara, ya nje kubwa na za ndani zikipungua, ziingiane. Zivute ziwe na nafasi ya vidole vitatu kati ya mzunguko na mzunguko, ili nywele zipite na brashi iingie. Zifunge kwenye fremu ya bomba la plastiki kwa waya wa shaba. Usitumie waya wa chuma, utaliwa na kutu.

Sasa muunganiko, na hapa usikosee: koili tano ziunganishwe sambamba, yaani maji baridi yagawanyike mara tano chini na kukutana tena juu. Kila koili itapitisha lita 4 kwa dakika na utapoteza presha kama ya mita moja ya kimo cha tanki. Fundi akiziunganisha kwa mfululizo, moja ikimwaga kwenye nyingine, utahitaji presha ya zaidi ya mita 100 kupitisha maji hayo hayo. Simtanki juu ya mnara wa mita sita haitatoa hata tone la maana.

Upande wa maji machafu: yaingie juu ya pipa kwa bomba la inchi mbili lenye tii iliyolazwa mwishoni, yaenee taratibu bila kishindo. Maji ya moto hukaa juu, yaliyonyang'anywa joto huzama. Kwa hiyo ya kutoka yachukuliwe chini kabisa, kwa bomba linalotoka karibu na kitako cha pipa, linapanda kwa nje hadi sentimita kumi chini ya usawa wa bomba la kuingilia, kisha linashuka kwenda kwenye chemba. Pale juu kwenye kona weka tii yenye mdomo wazi wa kupumulia. Bila hiyo maji yatavutana yenyewe na kulikausha pipa kila mara. Chini kabisa weka koki ya inchi mbili ya kutolea tope.

Maji safi yaende kinyume: baridi iingie chini, iliyopashwa itoke juu. Wengine hufunga vyote vielekee upande mmoja kwa sababu bomba linakuwa fupi, na wanapoteza sehemu ya faida.

Mbele ya pipa jenga kisanduku kidogo cha tofali chenye wavu wa stenlesi wa kutoa kwa mkono. Nywele, vipande vya sabuni na pakiti za shampuu vitaishia hapo.

Pipa lazima liwe chini ya usawa wa sakafu ya bafu. Mji wa Iringa na vitongoji vingi vya Mbeya viko kwenye miteremko, kwa hiyo mara nyingi unaliweka tu upande wa bondeni mwa jengo. Kwenye kiwanja tambarare itabidi uchimbe shimo na kulijengea, lenye nafasi ya fundi kuinama.

Hatua ya 7: Unganisha upande wa maji safi bila kuhatarisha mtu

Koili iliyozama kwenye maji machafu ina ukuta mmoja tu wa shaba. Ikitoboka wakati presha imeshuka, maji machafu yanaweza kuingia upande safi. Kwa hiyo maji yanayopita kwenye pipa yawe ya kuoga peke yake, kutoka kwenye simtanki lake lenyewe linalojazwa kwa juu kupitia boya, mdomo wa bomba la mamlaka ya maji ukiwa juu ya usawa wa maji. Bomba la kunywea na la jikoni lisiguse mfumo huu kabisa. Weka pia valvu ya kuzuia maji kurudi kabla ya koili.

Maji yaliyopashwa yapeleke kwenye hita na pia kwenye upande wa baridi wa shawa. Ukiyapeleka kwenye hita tu, sehemu ya maji haipiti kwenye koili na mavuno yanapungua.

Hita yenyewe iache kwenye nyuzi 60. Usishawishike kuishusha hadi 45 kwa kuwa maji yanakuja yamepashwa tayari. Bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama, na huingia kwenye mapafu kwa vitone vidogo vya shawa vinavyoelea hewani. Kama kuna watoto au wagonjwa, weka valvu ya kuchanganya ili maji yasitoke ya kuunguza.

Baada ya shaba, endelea kwa PPR (bomba la plastiki linalohimili maji ya moto), si bomba la chuma la mabati. Maji yaliyopita kwenye shaba hulitoboa bomba la mabati lililo mbele yake.

Hatua ya 8: Vika kinga ya joto

Sponji ya mabomba kwa mabomba. Kwa pipa, jenga boksi la mbao na ujaze maranda makavu pande zote, unene wa sentimita 15 au zaidi. Kwa watu wa Mafinga na Sao Hill maranda ni takataka za kiwandani. Yakiloa hayana kazi tena, basi yafunge kwenye mifuko ya nailoni kwanza na boksi liinuliwe juu ya tofali.

Hatua ya 9: Jaribu

Kabla ya kufunga koili pipani, zijaze maji kwa pampu ya kupimia hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, funga, acha usiku mzima. Mshale ukishuka, tafuta kiungo.

Siku ya kwanza ya kazi, subiri shawa ziwe zimefunguliwa dakika kumi na tano ndipo upime sehemu nne: machafu yanaingia na kutoka, safi yanaingia na kutoka. Chukua nyuzi zilizopanda upande safi, gawa kwa tofauti kati ya machafu yanayoingia na safi yanayoingia. Safi yametoka 15 kwenda 24, machafu yanaingia na 34: tisa gawa kwa kumi na tisa, asilimia 47. Ikiwa chini ya 30 tangu mwanzo, kwanza angalia kama maji safi na machafu yamefungwa yaelekee upande mmoja, halafu kama koili zote tano zinapitisha maji. Zishike kwa mkono pale juu, ambayo joto lake linatofautiana na la wenzake huenda ina hewa ndani.

Hatua ya 10: Matunzo

Wavu kila siku, na awepo mtu aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba ya usafi, si "wahudumu". Koki ya tope kila Jumamosi. Kila baada ya miezi mitatu toa mfuniko, piga brashi laini kwenye koili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza. Usiloweke shaba kwenye jiki. Jengo likifungwa kwa likizo, mwaga pipa lote. Maji ya bafuni yakikaa zaidi ya siku moja yananuka, na majirani hawatajali kwamba unaokoa umeme.

Kila mwezi rudia vile vipimo vinne, uviandike kwenye daftari linaloning'inia pale pale. Asilimia zikishuka polepole ni utando wa sabuni, osha. Zikishuka ghafla ni valvu au hewa. Upande safi ukipungua presha bila sababu, funga mfumo siku hiyo hiyo, watu waoge kwa njia ya zamani hadi koili zipimwe upya.

Halafu kuna wizi. Mita 75 za shaba ni kilo nyingi, na mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi zimetoka wapi. Mfuniko wa boksi uwe wa chuma, na kufuli lake lifichwe ndani ya kisanduku cha kuchomelewa ambacho msumeno haufiki. Kama jengo lina mlinzi wa usiku, mweleze kilichomo ndani na kwa nini ana haja ya kukipitia. Mlinzi asiyejua anachokilinda hupita mbali nacho, hasa usiku wa baridi.